Kubadilisha Bawabu

Sauti ya mzee ilikatika katikati ya neno "kitanda".

Binti yake alikuwa jikoni anasuuza vikombe. Alisikia "kita—", kisha kimya, kisha sauti ya shangazi yake ikitoka kwenye spika ya simu kule sebuleni.

"Nyundo? Nyundo, upo? Umeninunia?"

Mzee hakuwa amenuna. Alikuwa kitini karibu na dirisha, ameishika simu kwa mikono miwili, anabonyeza kioo kwa kidole gumba kama mtu anayeua sisimizi. Midomo ilikuwa inacheza lakini hakikutoka kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kutoa. Miaka miwili nyuma madaktari walikuwa wameondoa kisanduku chake cha sauti pamoja na uvimbe uliokuwa umekikalia. Tangu hapo alipumua kwa tundu dogo chini ya koo, lililofunikwa kwa kitambaa ambacho binti alikibadilisha asubuhi na jioni.

Binti alikausha mikono, akaichukua simu.

"Shangazi, ni mimi. Hajanuna. Simu imemgomea."

"Tena?"

"Tena."

"Alikuwa ananiuzia kitanda, na bei ilishaanza kunoga." Shangazi alicheka kidogo, kicheko cha kumfariji mtu mwingine. "Nyundo, mdogo wangu, nakusikia unavyohema. Usijisumbue. Nitakinunua Jumapili ijayo."

Simu ilipokatwa, mzee aliigeuza kifudifudi juu ya paja na kutazama nje. Hakugusa ubao mdogo mweupe aliokuwa akiandikia maneno yake ya dharura. Binti alirudi kwenye vikombe. Vilikuwa vimeshakuwa safi, lakini alivisuuza tena.

Katika maisha yake yote ya kazi mzee alikuwa dalali wa mnada. Jina la Nyundo alilipata huko, na hata watoto wake walikua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi. Aliuza makabati, majenereta, magari yaliyochoka, vitanda vya watu waliohama na vya watu waliokufa, na aliviuza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara bila kipaza sauti. Aliposikia kuwa sauti hiyo itaondolewa, hakulia mbele ya mtu. Aliuliza tu itaondolewa lini.

Kitindamimba wake, mtaalamu wa kompyuta, ndiye aliyekuja na wazo. Wiki ya mwisho kabla ya operesheni alijifungia na baba yake chumbani, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele, akamrekodi akisema kila ambacho mtu wa namna ile angehitaji kusema: salamu, malalamiko, majina ya ndugu, kuomba chai, kukataa dawa, kutukana waamuzi wa mpira, na mnada mzima kuanzia "Sogeeni, sogeeni!" mpaka "Imekwenda!" Kisha akatengeneza programu ya simu, akaipa jina la Sauti ya Baba. Ilikuwa na vitufe vikubwa. Mzee anabonyeza, simu inasema.

Uzuri wake hasa ulikuwa kwenye kupiga simu. Programu iliweza kuingiza maneno yale moja kwa moja ndani ya mazungumzo, mtu wa upande wa pili akayasikia safi kama zamani. Jambo hilo watengenezaji wa simu hawaliruhusu kwa programu yoyote ya kawaida. Linahitaji mamlaka ya juu kabisa ya simu, yale ambayo kiwanda huyafungia na ambayo mafundi huyaita ruti. Kitindamimba aliifungua ruti. Na ruti ikishafunguliwa lazima awepo mlinzi, vinginevyo kila programu itajichukulia inachotaka. Mlinzi huyo naye ni programu, kazi yake ni kupokea maombi na kumuuliza mwenye simu: huyu anataka mamlaka, aruhusiwe au akataliwe? Mlinzi aliyewekwa kwenye simu ya mzee aliitwa Bawabu.

Bawabu alifanya kazi vizuri mpaka waliomtengeneza walipomuuza kwa watu wengine. Hao wapya hawakumrekebisha tena. Walimjazia matangazo ya viatu, wakamwacha. Sasa alikuwa anasahau. Angeipa programu ruhusa asubuhi, akaipokonya mchana katikati ya sentensi. Na Sauti ya Baba ilikuwa imeandikwa kwa pupa, kwa kuwa siku ya operesheni ilikuwa inakaribia: ikikosa ruhusa, inajifunga yote, haisemi hata hapo sebuleni.

Kwa watu wengine mzee angeweza kuandika. Kwa dada yake hakuweza. Shangazi alikuwa amepoteza macho tangu ujana na aliishi mbali, safari ambayo mapafu ya mzee hayakuimudu tena. Kumwandikia ujumbe ilikuwa sawa na kuuandikia ukuta. Jirani yake alijitolea kumsomea, shangazi akakataa.

"Mdogo wangu hatanijia kwa mdomo wa jirani," alisema, na huo ukawa mwisho wa shauri.

Ndiyo maana Jumatatu, baada ya zamu yake ya maabara ya hospitali, binti alipitia kwa fundi simu. Kibanda kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Fundi, mtu mnene mwenye lenzi iliyofungwa kwenye paji la uso, alikuwa anafungua skrubu za redio. Aliipokea simu, akaiwasha, akaingia huku na kule.

"Dada, hii simu imefunguliwa ruti."

"Najua."

"Ni yako?"

"Ya baba yangu."

"Mzee wa watu anataka ruti ya nini? Anadukua mabenki?"

"Anaongea na dada yake."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake, akanyanyua lenzi.

"Samahani. Nieleze."

Alimweleza kwa ufupi, kama anavyomweleza daktari majibu ya vipimo: kilichopo, kinachokosekana, tangu lini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ninaweza kuipiga mpya," alisema. "Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Haitakusumbua tena."

"Na vilivyomo?"

"Picha nitakuhamishia. Namba nitakuhamishia. Vile vya ndani ya programu yenyewe, hizo rekodi, hapana. Vinakwenda." Alimrudishia simu kwa mikono miwili. "Sikudanganyi, dada. Siwezi kubomoa ukuta ambao sijui bomba limepita wapi. Mtafute aliyeifungua."

Aliyeifungua alikuwa kwenye kambi ya wachimba visima, mahali ambapo mtandao ulipatikana juu ya tangi la maji tu. Alipiga Alhamisi.

"Dada, niko juu ya tangi. Msimamizi akiniona nimekwisha, kwa hiyo sikiliza. Bawabu lazima aondoke. Tunamweka mwingine anaitwa Komeo. Ana watu wanaomtunza, hasahau."

"Hatua kwa hatua."

"Kwanza, usimfukuze Bawabu kwa kufuta alama yake kwenye kioo. Ukifanya hivyo amevua sare tu, mwenyewe bado yumo ndani, na ukimleta Komeo watakuwa wawili mlangoni, huyu anaruhusu, yule anakataa, na simu haitawaka. Ingia kwenye mipangilio yake. Kule chini kuna kitufe cha kujiondoa kabisa. Akimaliza kujiondoa, zima, washa, hakikisha hayupo. Ndipo uiunganishe na kompyuta kwa waya, uweke lile faili la kuwashia nililokutumia. Komeo yumo humo."

"Nimeelewa. Rekodi nazitoa vipi kabla ya hapo?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Ziko kwenye chumba cha ndani cha programu. Kuzitoa kunahitaji ruti."

"Na ruti iko kwa Bawabu, anayekataa."

"Ndiyo."

"Basi tutatumia nakala zako."

"Zilikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani."

"Zilikuwa."

"Iliingia maji, dada. Nilipohamia huku."

"Na hukumwambia mtu."

"Nilisema nikija likizo nitazitoa upya. Sikujua Bawabu atazeeka haraka hivi." Akashusha sauti. "Usimwambie Baba."

"Nitamwambia," alisema binti. "Sauti ni yake. Shuka kwenye tangi kabla hujavunjika shingo."

Hakumgombeza, ingawa alikuwa na ya kutosha. Maabara kwao hakuna anayemwaga damu ya mgonjwa kabla majibu hayajathibitishwa. Sampuli ya pekee huandikwa jina, hufungwa, huwekwa kwenye baridi, na anayeigusa anajua anachogusa. Hapa sampuli ya pekee ya baba yake ilikuwa ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, nayo ililala kila siku juu ya paja la mtu anayesinzia. Alijaribu kuitoa hata hivyo. Ijumaa nzima baada ya kazi aliiomba ruti kwa njia zote alizoelekezwa, na kila mara Bawabu alimwonyesha viatu vya michezo, kisha akakataa.

Jumamosi alikuwa zamu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alifuta meza ya chakula, akaweka kompyuta, waya na simu, akavuta kiti kwa ajili ya baba yake.

"Baba, nataka uelewe kabla sijaanza."

Mzee alikaa. Alikuwa amevaa koti lake la mnada, kama kila Jumapili ya kuongea na dada yake.

Alimweleza kila kitu, pamoja na kompyuta iliyoingia maji. Mzee alitikisa kichwa polepole kwa habari ya kompyuta, kwa namna ambayo kitindamimba angepata shida kuitazama. Kisha akachukua ubao, akaandika: *Ikipotea?*

Mtoto mwingine angesema haitapotea. Binti hakuwa na ujuzi huo.

"Ikipotea, imepotea. Sina cha kukuahidi. Nitafuata hatua zote, lakini sijawahi kufanya kazi hii. Nikimwacha Bawabu humo, itapotea vilevile, neno moja moja."

Mzee aliuweka ubao kando. Halafu akaiwasha simu, akafungua Sauti ya Baba. Ilijifunga. Akaifungua tena, ikajifunga. Mara ya tatu Bawabu alikuwa kwenye hali nzuri, na sebule ikajaa sauti nene, yenye kutu kidogo, ya mtu mwenye mapafu mazima:

"Mama, chai iko wapi?"

Mama alikuwa yeye, kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba. Alisikia maneno hayo kila jioni anaporudi kazini, na kila jioni alijibu kwamba hata kofia hajavua. Safari hii alikwenda jikoni, akaleta chai, akaiweka mbali na waya. Mzee alikunywa nusu. Alifuta ubao kwa kiganja, akaandika neno moja, kubwa: *Uza.*

Binti akaanza.

Bawabu alimuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika. Alimuuliza tena, akamwonyesha viatu, kisha akajiondoa kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuonyesha kazini. Binti alizima simu, akaiwasha, akamtafuta Bawabu kila pembe. Hayupo. Sasa ruti haikuwa na mwenyewe. Aliunganisha waya. Kompyuta ikaitambua simu, faili likaingia, mstari wa kijani ukatambaa toka kushoto kwenda kulia. Simu ikazima yenyewe, ikakaa giza kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, ikawaka.

Komeo alikuwapo. Alama yake ilikuwa kitasa cha bluu, bila tangazo hata moja.

"Tumevuka," alisema binti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua mpaka chini. Alimkabidhi baba yake simu. "Fungua Sauti ya Baba. Nachomoa waya huu."

Aligeuka kuzima kompyuta. Nyuma yake kulikuwa kimya cha mtu anayesubiri kitu. Kisha akasikia kidole kikigonga kioo, pigo moja thabiti: ko!

Alipogeuka, mzee alikuwa anaitazama simu kwa mshangao. Programu ilikuwa imejifunga. Akaifungua tena, ikajifunga papo hapo. Akaifungua tena, na simu ikaandika ujumbe: Sauti ya Baba inaendelea kusimama.

Binti aliichukua. Akaifungua programu mwenyewe. Ilijifunga mara ya nne, ya tano, haraka zaidi ya enzi za Bawabu, bila hata kuwaza. Alifungua ukurasa wa mipangilio wa programu ile. Simu ilimpa ushauri wake, kwa herufi za upole: futa data ya programu, kisha uifungue upya.

Ulikuwa ushauri mzuri kwa programu nyingine yoyote duniani. Aliona kidole chake kiko juu ya kitufe.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia alasiri, wakati wa shangazi kupiga. Mzee alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitambaa cha koo. Alikuwa anamtazama yeye, si simu.

Binti alikiondoa kidole. Akaweka simu mezani, akakaa chini, akafikiri kama anavyofikiri kazini. Kipimo kikitoa jibu baya, kabla ya kumwambia mgonjwa habari mbaya, unauliza kwanza: sampuli ilichukuliwaje? Nani aliichukua? Alifanya nini, kwa mpangilio gani?

"Baba. Ulipoifungua mara ya kwanza, kuna kitu kilikuuliza?"

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Kilikuuliza uruhusu au ukatae?"

Akaitikia.

"Ukabonyeza nini?"

Akanyanyua kidole gumba juu. Ruhusu. Hilo lilikuwa wazi, angebonyeza nini kingine?

Binti alikumbuka mstari mmoja wa maelekezo ya Komeo yaliyokuja na faili. "Kulikuwa na namba zinahesabu kurudi nyuma?"

Ndiyo.

"Ulibonyeza zikiwa zimefika wapi?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jua huchomoza wapi. Akavuta ubao.

*Zilipoisha. Kwani watu wengine hubonyeza lini?*

Binti alisoma maneno hayo, akayarudia. Kisha kitu kikamtoka kifuani ambacho yeye mwenyewe hakukitambua mara moja kuwa ni kicheko. Alicheka akiwa ameegemea meza, paji la uso juu ya mkono, mpaka mzee akagonga ubao kwa kalamu kudai maelezo.

"Komeo hakungoji, Baba. Akiuliza, anahesabu. Hesabu ikiisha hujajibu, anachukua kwamba umekataa. Na hasahau. Anaendelea kukataa mpaka umwambie vingine."

Mzee alikunja uso. Miaka yote ile alikuwa amenyanyua nyundo juu, akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna siku aliyoishusha kabla. Udalali wake wote ulikuwa hapo. Aliandika kwa haraka, akayazungushia maneno mstari: *Na mtu wa nyuma?*

Mtu wa nyuma nyumba nzima ilimjua. Ni yule mnunuzi anayesimama mwisho wa umati, hana uhakika na pesa zake, anayenyanyua mkono wakati wengine wameshakata tamaa. Nyundo alikuwa anamhesabia yeye. Dalali anayegonga kabla ya mara ya tatu, alizoea kusema, ama ni mwizi, ama ana mtu wake.

"Subiri," alisema binti. "Jambo moja kwanza."

Alimfungua Komeo. Humo ndani Sauti ya Baba ilikuwapo, na mbele yake kitasa kidogo chekundu. Hakukigusa kwanza. Alichukua programu ya kusomea mafaili, akaiombea ruti, na Komeo alipouliza, akabonyeza Ruhusu kabla namba ya kwanza haijabadilika. Chumba cha ndani kikafunguka.

Rekodi zilikuwa zimekaa zote, kila moja na jina ambalo kitindamimba alilipa: salamu ya dada, kitanda cha mbao ngumu, mama chai, sitaki hiyo dawa, refa kipofu, refa kipofu kwa hasira. Alizinakili kwenye kompyuta. Alizinakili kwenye simu yake mwenyewe. Alizinakili kwenye kidude cha kuhifadhia alichokitoa kwenye mkoba wa kazini, akafungua moja ya hizo nakala kuthibitisha kwamba inasema. Ilisema refa ni kipofu. Ndipo alipoegemea kiti.

Angeweza sasa kukigeuza kitasa chekundu kuwa cha bluu na mambo yakaisha. Badala yake alilifuta jina la Sauti ya Baba kwenye kumbukumbu za Komeo, ili swali liulizwe upya. Kesho angekuwa kazini. Siku simu ikiuliza tena, mzee angekuwa peke yake nayo, na hakutaka baba yake awe mtu wa kungojea binti arudi ndipo aseme.

"Haya," alisema, akamrudishia. "Itakuuliza. Usisubiri. Hapa siyo mnada, Baba. Hapa hakuna mtu wa nyuma. Anayesubiri ni mmoja tu, na ni dada yako."

Mzee aliishika simu kwa mkono wa kushoto. Aliinua wa kulia, kidole kimenyooka, juu kabisa kama zamani, akafungua programu kwa gumba la kushoto. Swali likatokea. Namba zikaanza kushuka. Binti aliona bega la baba yake likikaza: mwili mzima ulikuwa unasubiri mara ya pili.

Kidole kilishuka. Ko!

Programu ikakaa wazi, vitufe vyake vikubwa vimejipanga, na haikujifunga. Mzee alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Kisha akagusa kitufe cha juu.

"Sogeeni, sogeeni!" sebule ikasema.

Simu ililia muda mfupi baadaye. Shangazi hakuwa mtu wa kuchelewa.

"Nyundo? Leo umepona, au nizungumze na kimya chako?"

"Dada yangu mkubwa, habari za huko?" ilisema sauti, na binti, aliyekuwa ameshavibeba vikombe kwenda jikoni, alisimama mlangoni.

"Nzuri, mdogo wangu, nzuri. Magoti tu. Haya, kile kitanda kiko wapi? Nimewaza wiki nzima."

"Kitanda cha mbao ngumu! Hakijalaliwa na mgonjwa! Nani ataanza?"

Shangazi alitaja bei ya kipuuzi. Sauti ikamjibu kwa rekodi ya dharau ambayo mzee alikuwa ameitumia kwa wanunuzi wabahili tangu ujana wake. Shangazi akapandisha, akalalamika, akapandisha tena. Neno "kitanda" lilipita mara nyingi, na kila mara lilifika mwisho wake.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," alisema shangazi. "Nimemaliza. Hesabu."

"Mara ya kwanza," ilisema sauti.

Kidole cha mzee kilikuwa juu ya kitufe kinachofuata. Alikitazama. Kisha akakiruka, na cha baada yake pia, akabonyeza cha mwisho.

"Imekwenda!"

"We!" Shangazi alipiga yowe hata spika ikakwaruza. "We Nyundo! Mara ya pili iko wapi? Ya tatu je? Tangu lini unauza hivyo? Huo si ni wizi?"

Mzee alikuwa anatikisika mabega, tundu la koo likipuliza pumzi fupifupi, ambazo ndizo kicheko chake cha siku hizi. Shangazi alizisikia, akaanza kucheka naye kule aliko, na kwa muda hakuna aliyebonyeza kitu.

Binti alifungua bomba. Alikuwa anasuuza kikombe cha pili aliposikia sauti nene ikimfuata jikoni:

"Mama, chai iko wapi?"

"Hata kofia sijavua!" alijibu, ingawa hakuwa amevaa kofia, na akabandika maji ya chai.